Mtaa Ulivyokuja Kuililia Lenzi Yangu

Jamani, leo nimeaibika, tena mbele ya mtaa mzima wa Ruhuwiko. Bado uso unawaka.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mpiga picha wa harusi. Nina lenzi moja ya maana. Moja! Nyingine niliyonayo inafaa picha za pasipoti tu. Na kesho nina harusi Madaba, ya bibi harusi ambaye kila siku ananitumia picha za wenzake: "Dada, nataka zitoke kama hivi."

Sasa Songea hii, mvua zikikolea, ukungu unaota hadi ndani ya viatu. Lenzi nazo hazisalimiki. Kwa hiyo jua likichomoza huwa naianika yangu kibarazani, juu ya stuli (ndiyo, naianika kama dagaa, msinihukumu). Leo asubuhi jua limetoka, nikaianika, nikageuka kumimina chai. Jogoo wa Mama Tuma, jirani yangu, akaona ile stuli ni mahali pazuri pa kuwikia.

Paaa! Kwenye sementi.

Nikaiokota. Kioo cha mbele kina ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaitikisa sikioni. Kotokoto, kotokoto. Ndani kuna kitu kinacheza! Hapo akili ikanihama. Nikashika kichwa, lenzi bado mkononi, nikapiga yowe: "Mamaaa weee! Nimekwisha mimiii!" Nikakimbilia chumbani, nikajifungia, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Mama Tuma akaja kugonga mlango wa chumba.

"Mama Neema, kuna nini?"

Nikajaribu kujibu, kikatoka kilio kingine kirefu kuliko cha kwanza.

"Basi, lia mwanangu, lia," akasema kwa sauti ya chini, akaondoka.

Ningekuwa na akili ningefungua mlango pale pale. Maana kwetu aliyefiwa hahojiwi. Ukisikia mtu analia vile, unajifunga khanga kiunoni unaenda kukaa naye. Jina la marehemu utalijua huko huko. Mimi sikuwaza hayo. Nilikuwa nampigia simu Baraka, mpiga picha mwenzangu wa mjini.

"Baraka, naituma Dar kwa fundi leo hii! Ikibidi naifuata mwenyewe!"

"Tulia kwanza. Huo ufa uko wapi?"

"Mbele!"

"Si ulikuwa umeifungia kile kioo cha kulinda?"

Nikaigeuza nikatazama. (Nilikifunga kwa mikono yangu siku niliyoinunua, nikakisahau. Ndiyo, mimi, mtaalamu.)

"Kizungushe kitoke," akasema.

Kikagoma, maana ukingo wake ulikuwa umebonyea kidogo. Nikavua ndala, nikakibana kwenye soli ya mpira, nikazungusha. Kikalegea. Kikatoka. Na chini yake, kioo chenyewe cha lenzi kinanitazama, safi, hakina hata mkwaruzo!

"Na hii kotokoto ya ndani?" nikauliza, nikaitikisa karibu na simu.

"Subiri." Nikamsikia anatikisa ya kwake karibu na simu. Kotokoto, kotokoto. "Umesikia? Ni ile sehemu inayotuliza picha mkono ukitetemeka. Lenzi ikiwa nje ya kamera, inacheza. Ina maana hujawahi kuitikisa?"

"Nani anatikisa lenzi nzima, Baraka?"

Nikaielekeza dirishani: hakuna kipande kilichokatika ndani. Pete ya kulenga inazunguka laini. Nikaipachika kwenye kamera, nikapiga picha kalenda ya ukutani, nikaikuza. Tarehe zote zinasomeka, za katikati na za pembeni kabisa. Safari ya fundi imekufa! Cha kununua ni kioo cha kulinda tu, na hicho hata Songea mjini kipo. Nikamshukuru Baraka, nikakata simu.

Nilisikia minong'ono sebuleni, lakini kwa furaha niliyokuwa nayo hata sikujiuliza. Nikafungua mlango kwa kishindo, kamera juu, nikatoka nacheza na vigelegele: "Nzima! Nzimaaa!"

Sebule haina makochi. Yako nje. Akina mama wamejaa mkekani, khanga vichwani, wananitazama midomo wazi. Nje wanaume wamekaa kwenye mabenchi, moto umeshawashwa, sufuria kubwa iko juu yake. Nikaishusha kamera.

Mzee Komba, balozi wetu wa nyumba kumi, akasogea mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema (ningesema nini?).

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sasa tuambie, ni nani?"

"Ni... lenzi."

"Lenzi ndiyo nani?"

Nikainyanyua kamera. Nikaeleza yote: jogoo, ufa, kotokoto. Kuna mama alikuwa bado anafuta machozi, akaishia shavu moja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Tuma ndiye aliyeanza kucheka, mtaa mzima ukafuata. "Na sisi tulishakubaliana ni mama mkwe wako!" (Mama mkwe yuko Namtumbo, mzima wa afya, anapalilia mahindi.)

"Bora hivi," akasema Mzee Komba akijipangusa macho. "Tumshukuru Mungu. Tungekuta msiba kweli je?"

Nikalia tena, safari hii kwa shukrani. Watu wote hawa waliacha kazi zao kwa ajili ya yowe langu. Maharage yalikuwa yameshaingia sufuriani, kwa hiyo yaliivishwa yakaliwa, na kila aliyeshiba alitaka kuitikisa lenzi asikie kotokoto kwa masikio yake.

Kesho naenda Madaba, vifaa vyangu vyote salama. Naomba msicheke. Aliye karibu aje: wa kuyatoa makochi walikuwa wengi, wa kuyarudisha ndani nimebaki mwenyewe.