Ini la Msafiri kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025, Makambako
Kaka Tarsis kapiga simu kutoka Njombe. Ini lake limejaa mafuta! Tarsis, ambaye hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hajawahi kuonja. Daktari kasema ugonjwa huu huweza kuwa wa ukoo, hivyo ndugu wapimwe. Yaani mimi, Lameki! Tena sasa ninapogombea uzee wa kanisa na Jofrey muuza mbao. Watu wa mtaa wetu wa Lyamkena wakisikia "ini" huuliza jambo moja tu: anakunywa wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Msafiri, mpakiaji wangu wa viazi. Mwembamba kama ufito, pombe haijui. Atapimwa kwa jina langu, ataleta ini safi, nami nitalitangaza usharikani. Kipimo kinataka mtu mwenye njaa. Yeye kafunga Ramadhani. Mungu mkubwa! Akasema uongo utaharibu swaumu yake. Nikamwambia asiseme lolote, alale tu kitandani; jina nitaandikisha mimi. Nikaahidi tende za futari. Akakubali shingo upande.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Hospitali wamepiga simu, kapokea mke wangu. Ini la Lameki lina mafuta! Hulda kanusa kikombe changu, kanusa koti, kanusa hadi viatu. Kisha kamwita mchungaji. Nikaapa. Nikalia. Mwisho nikapayuka: "Si ini langu, ni la Msafiri!" Mchungaji akauliza kwa upole ini la Msafiri limeniingiaje.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Msafiri. Hakunifokea. Aliketi juu ya gunia, akauliza kama atawaona wanawe wakikua. Nilitamani ardhi inimeze. Tukaenda kwa Daktari Getruda. Akasema hata mwembamba asiyekunywa hupata. Wengine huzaliwa na hatari hiyo damuni. Tatizo lake limeonekana mapema: apunguze sukari na vya kukaanga, atembee sana. Msafiri akashusha pumzi. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema nimeshakula maandazi. Akasema kesho ipo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepimwa. Daktari akatazama kioo cha mashine, akamwita mwenzake naye aje aone. Kwa mafuta nimewashinda wote, Tarsis na Msafiri!

Jumapili, 9 Machi
Jofrey kapata uzee wa kanisa. Hulda kaficha kikaango. Mahubiri yote nimewaza: kama ugonjwa ni wa ukoo, kosa si langu! Baada ya ibada nimeingia mgahawani kwa mlango wa nyuma, nikaagiza chipsi mayai na soda baridi. Mtoto gani mwenye adabu hukataa urithi wa baba yake?