Mnada wa Nyumba Sikivu

Maridadi alikuwa akiuza sufuria zisizounguza siku alipoliona jumba lile. Alikuwa amehamia mtaa huo kwa sababu katika mtaa wa nyuma sufuria zilikuwa zimeunguza, tena zote, na wateja kadhaa walikuwa wakimtafuta wakiwa na mifuniko mikononi. Basi alisimama mbele ya jumba hilo la ghorofa nne, shati limenyooka kwa pasi, tabasamu limenyooka zaidi, akisubiri mtu wa kummiminia maneno.

Akatokea fundi cherehani wa ghorofa ya pili, amebeba vitambaa hadi kidevuni. Hakutafuta ufunguo. Aliutazama mlango akasema, "Funguka." Mlango ukafunguka.

Maridadi akasahau sufuria.

"Samahani, mama. Huo mlango umekusikia?"

"Unamsikia kila mtu wa humu. Taa nazo zinasikia, na pampu ya maji. Kila nyumba ina kisanduku ukutani, unakiambia tu unachotaka. Sisi tunaita Nyumba Sikivu."

"Na mnalipa kiasi gani kwa mwezi?"

"Kulipa nini? Bure! Kuna kijana alitufungia visanduku, akaenda zake ng'ambo kikazi."

Bure! Maridadi aliumia moyoni, tena maumivu ya kweli. Watu wazima, wenye kazi zao na simu zenye salio, wanaishi katika starehe kama hiyo na hakuna hata mmoja aliyejitokeza kuwatoza. Akaamua palepale kwamba atajitolea yeye.

Akajifanya anatafuta kivuli, akazunguka chini ya ngazi, akakuta chumba cha mita hakina kufuli. Ndani mlikuwa na kijimashine chenye vitaa vya kijani, waya wake umechomekwa ukutani. Maridadi hakujua lolote kuhusu mitambo. Alichojua ni kuchomoa plagi, na kwa kazi aliyoikusudia, elimu hiyo ilitosha.

Wiki iliyofuata alirudi na tai shingoni na kitambulisho kifuani, kilichotengenezwa na duka la kutoa nakala na kupigwa muhuri wa duka hilohilo. Alipita kwanza chini ya ngazi, akachomoa. Kisha akakaa kwenye kizingiti kusikiliza.

Ungedhani watu wangeinuka tu na kubonyeza swichi. Shida ni kwamba walikuwa wameishi na visanduku muda mrefu mno, na swichi zote zilikuwa nyuma ya makabati. Jumba zima lilijaa mkwaruzo wa samani. Mwenyekiti wa wapangaji, mtu mwenye tumbo la heshima, alinasa kati ya kabati na ukuta akitafuta swichi ya taa ya bafuni, na mkewe akamvuta kwa miguu.

Walipokusanyika uani wakifoka, Maridadi alikuwa tayari amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ndugu wateja wapendwa! Kampuni yetu imefurahi kuwahudumia katika kipindi cha majaribio. Kwa masikitiko makubwa, kipindi hicho kimekwisha."

"Majaribio gani? Nani alituambia?" fundi cherehani akauliza.

"Ndiyo maana yanaitwa majaribio, mama. Ukimwambia mtu, anajiandaa."

Watu wakatazamana. Lilikuwa jibu la kipuuzi, lakini alilitamka kwa upole wa daktari. Akawatangazia huduma tatu: ya Kawaida, taa tu, ya Fahari, taa na mlango, na ya Dhahabu, taa, mlango na maji. Mwenyekiti akataka Dhahabu, kisha akauliza kama hakuna ya juu zaidi.

"Ipo, mheshimiwa. Lakini hatumpi kila mtu."

"Basi niandikie hiyohiyo," akasema Mwenyekiti, bila kuuliza ndani yake mna nini.

Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamelipa. Plagi ikarudi mahali pake, taa zikawaka, watu wakapiga makofi. Naam, walimpigia makofi.

Hadi hapo ningeweza kumcheka Maridadi pamoja nanyi. Lakini kwenye ghorofa ya tatu alikaa Mzee Nyundo, na mambo ya huko hayakuwa ya kuchekesha.

Mzee Nyundo alikuwa dalali wa minada maisha yake yote, hadi kiharusi kilipomlaza na miguu ikagoma. Binti yake alifanya kazi katika tanuri la mikate, akitoka nyumbani alfajiri. Kutwa nzima kisanduku ndicho kilichokuwa mikono ya mzee: kilimfungulia muuguzi, kilimwashia feni, kilimpigia simu binti. Asubuhi ile muuguzi aligonga, na mzee akasema "Funguka, funguka," hadi sauti ikamkauka. Muuguzi akadhani amelala, akaenda zake. Binti, aliyerudi mapema siku hiyo, alimkuta amelowa, ana kiu, amegeuzia uso ukutani kwa aibu, mtu aliyewahi kuuza meli nzima kwa siku moja. Alimwosha, kisha akakaa sakafuni akalia kwa hasira.

Alikuwa amekwisha kulipa pale uani, njiani kupanda juu. Sasa akamwambia baba yake ukweli. "Baba, mshahara wangu hauwezi kulipa hii kila mwezi. Nikishindwa, itabidi niache kazi nikae na wewe. Na nikiacha kazi, tutakula nini?"

Kisha akakiamuru kisanduku kimwite mdogo wake ng'ambo. Maana yule kijana aliyeifunga Nyumba Sikivu alikuwa mtoto wa Mzee Nyundo, jambo ambalo Maridadi hakujisumbua kuuliza.

"Dada, hakuna kampuni," sauti ya mdogo wake ikatoka ukutani. "Huku naona mtambo ulizimika asubuhi na kuwaka adhuhuri. Mtu amechomoa plagi, basi."

"Naenda polisi sasa hivi!"

"Subiri," Mzee Nyundo akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kufumbua mdomo tangu aoshwe. "Polisi watamchukua yeye, lakini hela za watu hazitarudi. Niitie huyo bwana wa kampuni. Mwambie kuna kampuni nyingine inaitaka biashara yake. Na wewe, mwanangu wa ng'ambo, kesho una nafasi?"

Kesho yake Maridadi alimkuta mzee ameegemezwa mito, amevaa koti lake la kazi juu ya nguo za kulalia, kijiko mkononi. Mwenyekiti na fundi cherehani walikuwa wamekaa kwenye viti kama watu waliokuja kuposa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kampuni ya ng'ambo imetaka kuchukua huduma hii. Lakini wewe ndiye uliyetangulia, nikaona si haki kukupita. Mimi ni dalali, mwenye dau kubwa ndiye wangu. Sikilizeni wote! Nauza haki ya kumtoza ada ya kisanduku mtu yeyote atakayekubali kutozwa, katika jumba hili na jumba lolote jingine mjini!"

Maridadi alisikia maneno "jumba lolote jingine mjini." Mengine yalipita.

"Laki tatu," kisanduku kikasema.

Maridadi akaruka. "Nani huyo?"

"Mkurugenzi. Yuko mbali, na ana haraka. Laki tatu! Nani zaidi?"

Nimtendee haki Maridadi: alikuwa mtaalamu. Maishani mwake hakuwahi kununua kitu ambacho angeweza kukiuza bila kukinunua. Lakini mzee yule alitaja bei kwa sauti iliyoingia tumboni moja kwa moja, na kabla hajaamua lolote, Maridadi alijisikia akisema, "Tatu na nusu."

"Nne," kisanduku kikajibu.

"Nne na nusu!"

Kisanduku kikanyamaza. Mzee Nyundo akakigeukia, akatega sikio.

"Anashauriana na watu wake. Nasikia anavyopumua. Huyo ni mtu anayetaka kusema laki sita."

"Saba!" Maridadi akasema.

"Laki saba kwa bwana mwenye tai! Mkurugenzi? Bado anapumua. Mwenyekiti, unasikia?"

"Anapumua sana," Mwenyekiti akathibitisha.

"Tisa!" Jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Laki tisa, mara ya kwanza. Laki tisa, mara ya pili. Mkurugenzi, ulikuwa unasema..."

"Milioni!" Maridadi akapiga kelele. "Milioni moja, mzee, gonga!"

Kijiko kikagonga ubao wa kitanda. Mnada ni papo kwa hapo, kwa hiyo Maridadi alituma pesa kwenye simu ya binti akiwa bado anahema: zile za wapangaji, za sufuria, na akiba aliyoweka ya siku akiamua kuwa mtu mwema.

Mwezi ulipoandama alirudi kukusanya. Fundi cherehani alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi sikubali," akarudi kwenye cherehani. Mwenyekiti hakukubali. Mke wa Mwenyekiti hakukubali kwa sauti iliyosikika barabarani. Chini ya ngazi, chumba cha mita kilikuwa na kufuli. Maridadi akapanda ghorofa ya tatu akihema.

"Mzee, watu wanakataa!"

"Nilikuuzia haki ya kumtoza atakayekubali. Endelea kutafuta, mji ni mkubwa."

"Basi nirudishie hela yangu."

"Wapangaji wamekwisha kurudishiwa. Iliyobaki imenunua kufuli, na betri kubwa. Sasa hata umeme ukikatika, mimi nafungua mlango."

"Nakwenda polisi!"

"Twende," binti akasema, akichukua mtandio. "Nilitaka kwenda tangu mwanzo."

Maridadi akatulia. Akakitazama kisanduku ukutani.

"Na yule Mkurugenzi?"

"Baba," kisanduku kikasema, "ndiye huyo? Mpe shukrani. Betri hiyo nilikuwa naidundulizia mwaka mzima."

Maridadi, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi na mbele yake alilala bingwa, akavuta kiti akauliza kwa unyenyekevu, "Mzee, niambie kweli. Yeye aliishia wapi?"

"Laki nne. Na mfukoni hakuwa hata na hiyo."

"Sasa kuanzia nne na nusu nilikuwa nashindana na nani?"

Mzee Nyundo akamtazama kwa huruma. Maridadi akalegeza tai, akaaga kwa heshima zote, akashuka.

Binti alibaki amesimama na mtandio wake. Siku hiyo zamu yake tanurini ilikuwa ya jioni, na saa ilikuwa imefika.

"Baba, nikuache?"

"Nenda, mikate itaungua. Fundi cherehani ana friji la kuuza, amenipa mimi kazi ya kulinadi."

Binti akashuka ngazi. Nyuma yake alimsikia baba yake akilinadi friji kwenye kisanduku cha ukutani, akipandisha bei kwa ile sauti yake ya zamani, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, hakurudi juu kuhakikisha kama yuko salama.