Mkono wa Yohana Haukutaka Kushuka

Wenzangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Msianze kucheka, hata sijakaa chini.

Nimefika soko la Subukia asubuhi, ukungu bado umelala. Nikakuta watu wamesimama kimya. Katikati yao muuza dawa mmoja mrefu, koti jeusi, anaongea polepole kama anayebembeleza mtoto.

"Fumba macho. Inua mkono. Mkono ni mzito sasa. Umekauka. Haushuki."

Nami nikainua! (Mimi, ambaye hata mume wangu haniambii kitu mara moja nikasikia.) Hakuna aliyekohoa. Hata punda walinyamaza. Mkono wangu ukawa kama kuni, na ile sauti nikaisikia ndani ya kichwa changu.

"Ambaye mkono wake haushuki amerogwa," akasema. "Dawa ninayo."

Ngoja kwanza! Ni yeye aliyetuambia haushuki. Sasa usiposhuka, tumerogwa? Kuna mtu amejaribu? Nikajaribu. Ukashuka bila taabu.

"Jameni, shusheni mikono! Jaribuni tu!"

Wakashusha mmoja mmoja, wakitazamana. Lakini mkono mmoja ukabaki juu. Wa nani? Wa Yohana, anayemuoa binti yangu! Shangazi yake yuko kando, na kwa mkono wake wa pili Yohana ameshika kamba ya mtamba, ng'ombe wa mahari. Ndiye huyo walikuwa wanamleta kwangu leo. Bila huyo mtamba, wazee wetu hawasikii habari ya harusi.

"Yohana, shusha mkono!"

Kimya. Macho wazi, anatazama chini, hapepesi.

"Huyo amefungwa kabisa," muuza dawa akasema, anaifuata kamba taratibu. "Nitamfungua. Malipo ni huyu mtamba."

Sasa mnajua mila zetu. Mama mkwe hamgusi mkwe wake, hata salamu ya mkono hakuna. Nikanyoosha mkono, ukakataa. Haki ya Mungu, ulikataa! Nikajiuliza, si haya nayo ni maneno tu niliyoambiwa? Nikafumba macho, nikaruka, nikamdaka Yohana kwa mikono miwili, nikauvuta mkono wake mpaka chini.

Soko zima likapiga ukemi. Muuza dawa akabeba mfuko wake akapotelea kwenye ukungu. Yohana, jasho linamtoka, akamnong'oneza shangazi yake.

Shangazi akanigeukia, anajizuia kucheka. "Mama, anasema hakufungwa na mtu. Ameinua mkono vile walifundishwa shule ya misheni. Alikuwa na swali la kumuuliza huyo mtu."

"Na mbona hakunijibu?"

"Akujibu wewe, mama mkwe wake, mbele ya soko?"

Uuui!

Basi mtamba amefika, nimemfunga nyuma ya nyumba. Yohana amebaki kule barabarani, anaogopa nitamshika tena. Tafadhali, mmoja wenu akamwite aje anywe chai. Mimi nikienda, atakimbia.