Kompyuta ya Mfukoni na Mbuzi wa Mjomba

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mji wa Likasi unategemea vitu viwili: bwawa la Mwadingusha, na mimi. Umeme wa bwawa hukatika. Mimi sijawahi kukatika.

Leo dada yangu mkubwa, Ya Suzanne, ameniita. Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya binti yake, Princesse. Baba wa mtoto, shemeji Kazadi, alitutoka mwaka juzi. Picha zake zote zimo kwenye kompyuta yake, na kompyuta imegoma kuwaka tangu msiba. Mafundi walisema dawa ni kufuta kila kitu. Ya Suzanne akawafukuza. Anataka Kazadi aonekane ukutani siku ile, wakwe wamjue mwenye nyumba. Basi ametangaza: kati yangu na binamu Germain, atakayemwonyesha Kazadi ndiye atakayesema mbele ya wakwe, na ndiye atakayepewa mbuzi wa mjomba, yule anayeletwa na wakwe pamoja na mahari.

Germain! Mtu wa miwani ya jua hadi kanisani!

Nimemwambia dada kwamba kompyuta ni mimi niliyewafundisha Wabelgiji. Akaniuliza mwaka gani. Nikasema nina haraka.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimempata Assani, muuza vifaa vya simu sokoni. Amenijazia mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ndani ya diski ya nje, kidude kama kipande cha sabuni. Unaichomeka, unawasha, kompyuta inaamka kwa akili ya kuazima. Vya ndani haviguswi. Ni kama lori ambalo dereva wake amezimia, mwingine anashika usukani, mzigo unabaki palepale. Akanionya: isichomolewe ikiwa kazini, hata mbwa akikuuma. Nikamjibu kwamba hayo nayajua tangu tumboni.

Nyumbani kwa dada nimeichomeka. Kimya. Kioo cheusi. Nimebonyeza kila kitufe. Nimeikemea kwa jina la Yesu. Nikaenda chooni kufikiri.

Niliporudi, Princesse alikuwa ameizima, ameiwasha tena huku akibonyeza F12. Ikaamka! Kazadi huyo, na kofia yake ya kazi ya kiwanda cha Shituru! Ya Suzanne alikuwa sokoni, hakuona. Tumekubaliana iwe zawadi yake ya Jumamosi.

Nimemweleza mtoto kwamba mimi nilikuwa nimeshailainisha. Akasema: «Ndiyo, tonton.» Tonton, yaani mjomba, ni sawa. Ile «ndiyo» siipendi.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nimetembea mtaa mzima nikipigapiga mfuko. «Minye niko na kompyuta muzima mu mufuko!» Mama muuza mikate akauliza kioo kiko wapi. Wivu.

Germain anasema ataleta kamera yake kubwa. Alete. Mwenye kamera hupiga picha. Mwenye akili hupigwa.

Jioni nimepanga picha. Kazadi ni marehemu, hana haraka. Nimetanguliza zangu chache, wakwe wajue nani ni nani.

Jumamosi, tarehe 15 Juni



Mapazia yamefungwa. Shuka jeupe ukutani. Projekta ya kanisa. Diski ikashika usukani, taratibu kama bibi harusi. Nimetoa hotuba ndefu kuhusu ukoo wetu, hasa mimi. Kisha picha.

Ya kwanza: mimi na suti. Ya pili: mimi na suti ileile, kwa upande. Baba mkwe akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. Wanawake wa upande wao wakaanza kutikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akanong'ona kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye sura ngumu. Wamedhani Kazadi ni mimi! Sikupata nafasi ya kusahihisha. Ikaja ya tatu: mimi na paja la kuku, mdomo wazi, macho yamefumbwa.

Papo hapo mwanga ukamulika, pa! Mtu akapiga kelele gizani: «Courant inacheza! Mutoe! Mutoe!»

Hapa kwetu sauti hiyo haijadiliwi. Umeme ukiyumba, unarudi na hasira, unaunguza friji na televisheni. Kila mtu akarukia cha karibu. Dada akachomoa friji. Mwanakwaya akachomoa spika. Mimi nikachomoa diski.

Kompyuta ina betri yake. Projekta hakuna aliyeigusa. Picha ikaganda ukutani: mimi na paja, bila kutikisika. Nikachomeka tena. Hakuna. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza F12 hadi kidole kikafa ganzi. Diski imeharibika.

Ya Suzanne alikuwa amekaa mbele kabisa, na kitambaa chake cha kufutia machozi tayari mkononi. Akakikunja polepole, akakirudisha kwenye mkoba. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Mbuzi amelala uani, amefungwa, anasubiri mwenyewe.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Baada ya ibada Germain amekuja na diski yake, imejazwa na Assani yuleyule. Msaliti! Picha za ndani zote zilikuwa salama. Wakwe walirudi kuona. Kazadi akatokea na kofia yake. Ya Suzanne akagusa kioo, akamgombeza mumewe: kwa nini umeondoka bila kuziba paa la jikoni? Tukacheka, tukalia. Mimi ni vumbi tu liliniingia machoni, vumbi la kiangazi.

Germain kasema mbele ya wakwe, vizuri mno, kwa kunikomoa. Kapewa mbuzi. Mimi nimepewa kamba.

Si haba. Diski nimeifunga kwa kamba hiyo, naivaa shingoni. Haiwashi kitu, lakini watu watajuaje? Wiki ijayo naipeleka chuoni Mulungwishi, wanafunzi waone fundi.

Princesse anasema umeme haukuyumba hata kidogo. Ule mwanga ulikuwa wa kamera ya Germain. Nilijua! Kosa ni lake. Sasa familia inamtafuta aliyepiga kelele. Wanawauliza wanawake peke yao, kwa sababu sauti ilikuwa nyembamba mno. Nimejitolea kuongoza uchunguzi.

Sauti ilikuwa yangu.