Kasha Lenye Upepo

Jumatatu, 1 Septemba

Likizo imeanza! Siku saba bila masjala. Watatafuta mafaili mpaka wanikumbuke.

Mdogo wangu Edina ameondoka alfajiri kwa basi, Tabora, semina ya watu wa maabara. Kurudi Jumamosi. Amenikabidhi kazi nzito. Kwa miaka miwili amekuwa akinunua kompyuta ya gemu kipande kwa kipande: leo feni, baada ya miezi mitatu mazabodi, lile bamba la kuunganishia vyote, mwezi uliopita kadi ya picha, nzito kama tofali. Vyote vimepangwa kitandani kwake juu ya khanga. Kimebaki kitu kimoja, kasha la kuviweka. Achague nani? Mimi, Eliakimu!

Jumapili saa kumi alasiri ana mashindano ya mbio za magari, ya mtandaoni. Wachezaji wanane, kila mtu kwake. Wawili wa juu wanakwenda fainali Dar. Mashine isipoonekana hewani saa kumi kamili, jina linafutwa. Basi mlangoni akanishika mkono, akasema anataka jambo moja tu. Upepo. Vyuma vile vikipata joto vinazima, kwa hiyo kasha lipitishe upepo. Uzuri wake haumhusu.

Unanihusu mimi. Kwa sababu ya Dismasi.

Dismasi ni fundi kompyuta hapa hapa Gungu, mjini Kigoma. Dirishani kwake ameweka mashine ndani ya kasha la kioo, inawaka rangi saba, na watu wazima wanasimama kuitazama. Tulisoma darasa moja. Mimi nilikuwa wa pili. Sina haja ya kuandika nani alikuwa wa kwanza.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeamka na swali. Upepo hauonekani. Mtu anachaguaje kitu kwa sifa isiyoonekana?

Jibu limekuja lenyewe dirishani. Jirani yangu Mwanvua, mwenye biashara ya dagaa, alikuwa anafukiza udi nyumbani kuua harufu ya kazi. Moshi ukatoka kwa mlango wake, ukazunguka karo, ukaingia kwangu, ukatokea dirisha la pili. Nimeuona upepo! Kwa macho haya! Nimemwomba vijiti vitano vya udi. Akasema kama kuna mgeni wa kike anakuja, nimwambie mapema afagie uwanja.

Mguu kwa mguu hadi kwa Dismasi. Kasha la kioo haliuzwi, amesema, ni la kuvutia wateja. Akanitolea jingine kutoka uvunguni. Jeusi. La bati. Mbele wavu mtupu, hakuna taa hata moja. Ukiliweka sebuleni mgeni atauliza mkaa uko wapi.

Hata hivyo, sayansi ni sayansi. Nikamwomba awashe feni zake, nikawasha kijiti. Moshi ukaingia mbele, ukapita katikati, ukatoka nyuma umenyooka kama uzi. Nikarudia mara tatu. Nilipiga magoti kuchungulia. Ajabu tupu! Mteja aliyeleta simu akasema atarudi kesho. Dismasi akaniuliza kama ninaitafutia kompyuta kasha au ninaiozesha.

Kisha akasema nilichukue tu, Edina asipolipenda nilirudishe. Ukarimu wa namna hiyo lazima uwe na kitu ndani yake. Nimekataa kwa adabu.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango umeiva. Kasha la mninga! Mbao za nyumbani, zenye hadhi, Dismasi apite na rangi zake saba.

Nimekwenda Mwandiga kwa fundi seremala Japhet, mtu mwenye mkono mzuri na maneno machache. Sikumtajia kompyuta. Mwandiga ina midomo na Dismasi ana masikio. Nikamweleza kwa mafumbo ya kutosha: kasha, urefu huu na upana huu, ndani yake kutakuwa na vitu vinavyovuma mchana kutwa, vinatoa joto, havipendi maji, na lazima vipate hewa.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ameelewa kila kitu, amesema. Hata vipimo hakuhitaji, maana baba yake alimfundisha kazi hiyo tangu utotoni. Nikashangaa kidogo. Baba yake alikuwa anatengeneza makasha ya kompyuta enzi zile? Kweli Mwandiga imeficha watu.

Alhamisi, 4 Septemba

Ni mzinga wa nyuki.

Mzuri, siwezi kusema uongo. Mninga safi, kifuniko kimekaa sawasawa, mbele tundu moja la kupitisha nyuki mmoja mmoja. Japhet alisimama pembeni akisubiri sifa. Nimemsifu. Ningefanyaje? Akaniusia niupake nta ndani na nisiogope kuumwa, dawa ya nyuki ni utulivu.

Nimeufanyia jaribio la udi nyumbani. Moshi uliingia. Haukutoka. Nikasubiri robo saa kwa hamu ya kujua umekwenda wapi, nikafunua, na ulikuwa humo humo, umetulia.

Nilikuwa nimeketi uwanjani nikiutazama mzinga kwa uchungu Mzee Ntahomvukiye alipopita. Huyu mzee alitoka Burundi akiwa kijana, na kwa miaka mingi alifanya kazi kwa bwana mmoja aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo wa ziwa letu kwenda Ulaya, wale wadogo wa rangi rangi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaugusa mzinga, akaulizia bei. Nikamwambia hauuzwi ila mambo yanazungumzika. Akasema ana vifaranga tisa, na nyumba yao ya sasa inawachoma jua, maana ni ya kioo.

Nikasimama. Kioo?

Tangi la samaki! Kioo pande nne na chini, kona zimenyooka, alibaki nalo baada ya bwana yule kufunga kazi. Nimekwenda naye kuliona. Ndani yake kompyuta itaonekana yote, kuliko hata ile ya dirishani kwa Dismasi. Nikampa mzinga, akanipa tangi, vifaranga wakahama bila matatizo. Nilipoinua tangi mzee aliniita. Oya, mwanangu, akasema, ujue kabisa kwamba kioo hicho kilitengenezwa kisipitishe kitu. Nikamshukuru kwa kunihakikishia ubora.

Ijumaa, 5 Septemba

Tangi nimeliosha mara sita. Vifaranga ni watu wachafu.

Limebaki suala la upepo, na hapa lazima nijipongeze. Nilishuka Kibirizi asubuhi kumwangalia Mwanvua anaanika dagaa. Siku zote nimepita pale bila kufikiri. Leo nikafikiri! Dagaa hawaanikwi juu ya ubao. Wanaanikwa juu ya wavu, chanja imeinuliwa, upepo wa ziwa unapita juu na chini, na kufikia mchana wamekauka. Kumbe wanawake wa Kibirizi wanajua mambo ya kompyuta miaka yote na hawakusema. Niliuliza maswali mengi mpaka Mwanvua akaniuliza kama nimeachishwa kazi.

Amenipa kipande cha wavu wa zamani kiwe kifuniko. Ameniagiza nikioshe kwa sabuni, kisha ndimu, kisha jua la siku mbili, kisha ndimu tena. Nimeosha kwa sabuni. Siku mbili mimi nazitoa wapi?

Jioni nimefunga kila kitu chumbani kwangu. Mazabodi juu ya ubao, kadi ya picha imesimama wima, nyaya zinatokea juu ya ukingo. Nikawasha. Imewaka! Nikawasha na udi. Moshi ulizunguka ndani mara mbili tatu, kisha ukapanda na kutokea juu, kwenye wavu. Hewa mpya inaingilia wapi? Hapo hapo inapotokea. Inapishana mlangoni, kama watu waungwana.

Nilimtumia Dismasi salamu apite. Akaja. Alilitazama tangi kwa muda mrefu na nikajua yamemfika. Akauliza swali moja tu, upepo unaingilia wapi. Nikamjibu, juu. Akasema lile jeusi bado lipo. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa nne nimeiwasha ijizoeze. Saa tano chumba kikaanza kunuka dagaa. Si dagaa wa kawaida. Dagaa wa kukaangwa. Inavyoelekea wavu ukipata joto unakumbuka kazi yake ya zamani.

Saa sita, paka mmoja dirishani. Saa nane, wanne. Wengine siwajui, si wa mtaa huu. Nimehesabu saba kabla ya kufunga dirisha, na nilipofunga dirisha joto likaongezeka, nikafungua, wakawa tisa. Jambo la kuchunguza: harufu inafika umbali gani? Kuna mmoja mwenye kengele shingoni.

Edina amefika saa kumi na mbili, amechoka, ana vumbi la njia nzima. Alisimama mlangoni na begi lake. Akaniuliza kama nasikia harufu. Nikamuuliza harufu ya nini. Akaketi, akacheza dakika kumi, mashine ikaenda vizuri, na uso wake ukafunguka kidogo. Lakini aliweka kiganja juu ya wavu, akakiondoa haraka. Akauliza kama Dismasi hakuwa na kasha lolote.

Nikasema hakuwa na lenye hadhi.

Si uongo. Ila nimekula ugali nusu tu.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika haraka kabla sijasahau, ingawa ningependa kusahau.

Saa kumi kamili Edina alikuwa hewani. Raundi mbili, mapumziko nusu saa katikati. Mzee Ntahomvukiye na Mwanvua walikuja kutazama, wakaketi juu ya kitanda changu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza paka. Raundi ya kwanza Edina aliongoza tangu kona ya pili! Mikono yake imetulia kwenye usukani, hapepesi macho. Nikajisahau. Nikasogea kutazama skrini.

Ndipo yule wa kengele alipoingia. Akaruka juu ya wavu, akakuta pana joto, akalala. Mzima mzima. Njia pekee ya upepo, na paka ameilalia.

Niliisikia feni ikipiga kelele. Nikamvuta paka, paka akashika wavu. Kufikia hapo skrini ilikuwa nyeusi. Edina amemaliza wa saba kati ya wanane, maana mmoja alishagonga ukuta kabla yake.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua bisibisi, akaangalia zile skrubu, na bisibisi ikakosa tundu mara mbili. Edina huwatoa damu watoto wanaorusha mateke na sindano yake haikosi mshipa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kabisa hapakuwa na kasha jingine.

Nikamwambia. Kuhusu lile jeusi, kuhusu moshi ulionyooka kama uzi, kuhusu ukarimu wa Dismasi. Mwanvua akasema aliniambia ndimu mara mbili.

Nikatoka mbio na ndala moja. Jumapili duka hufungwa, nilijua, ningemfuata hata kanisani. Sikufika mbali. Dismasi alikuwa anakuja juu ya bodaboda, kasha jeusi amelipakata mbele ya tumbo. Alikuwa anatazama mashindano kwenye simu. Alipoona jina la Edina limeshuka ghafla, hakuhitaji kuulizwa.

Dakika ishirini na mbili. Yeye na Edina walihamisha kila kitu bila kuzungumza, mkono wa mmoja unajua wa mwingine unataka nini. Mimi nilishika tochi. Mzee Ntahomvukiye alishika paka.

Raundi ya pili, Edina wa kwanza! Jumla ya pointi, wa pili kati ya wanane. Dar! Ameinama juu ya usukani akalia, Mwanvua akapiga vigelegele, na nami nililia kidogo. Ni ile harufu.

Dismasi hakusema neno la kunikoga hata moja. Sijui anapanga nini.

Nimemwomba Edina radhi, tena kwa moyo. Amesamehe. Fainali ni baada ya wiki mbili, atafanya mazoezi hapa nyumbani kila jioni kwa mashine hii. Ametoa sharti moja: nisiiguse.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeapa kutoigusa na nitatimiza. Nilikuwa naitazama tu. Edina alikuwa ameshakwenda kazini, nami nimeomba ofisini siku moja ya nyongeza, kuuguza familia.

Nilikuwa natafakari jinsi joto linavyotoka, kwa faida ya elimu, nikafungua simu, nikasoma jambo ambalo limenifanya niketi chini. Huko nje kuna watu hawatumii upepo kabisa. Wanaizamisha kompyuta nzima ndani ya mafuta! Mazabodi, kadi ya picha, vyote. Mafuta hayapitishi umeme kama maji, yanabeba joto, na hakuna paka anayeweza kulala juu yake. Kinachohitajika ni chombo cha kioo kisichovuja.

Kisichopitisha kitu! Mzee Ntahomvukiye aliniambia wazi na sikumsikiliza. Tangi tulilitoa uwanjani jana, liko tupu, linanisubiri.

Na mafuta? Kigoma tukose mafuta? Mawese yamejaa tele! Ni kweli wameandika yawe mafuta yasiyo na rangi, lakini sababu hawakutoa, nadhani ni urembo tu. Mwanvua, nilipomwuliza kijuujuu, akasema asubuhi za baridi mawese huganda. Nimelipima hilo kwa makini. Kitu kikiganda, si ndiyo kimepoa zaidi?

Nitaitoa kwenye kasha jeusi kwa kutumia taulo, kwa hiyo mkono wangu hautaigusa.

Nimeagiza madumu mawili kutoka Mwandiga. Yanafika saa saba. Edina hutoka kazini saa tisa na nusu. Muda unatosha kabisa.