Vitako Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 4 Mei

Nimekasirika kabla hata ya chai. Mutindi amesema mbele ya kikundi chetu chote cha kusuka, kina mama kumi na wawili tumekaa, kwamba wale mbuzi niliowauza ili Lynn wangu asome chuo huko Voi wangekuwa wameshazaa mara mbili. Akaendelea kusuka. Hata uso hakuinua.

Mimi ndiye mwenyekiti. Yeye ni wa kukaa mwisho wa benchi. Moyoni nilimchapa na mwiko.

Lakini Mungu si Athumani. Saa nne simu imelia. Ni Immaculate, yule mwenye duka la vikapu Voi. Anataka vikapu vidogo vya mkate thelathini na sita, vyenye mstari mwekundu tumboni, vya hoteli. Atavifuata mwenyewe hapa Makwasinyi Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema, kwa upole wake ule wa kuumiza, kwamba vikipungua au vikiwa vibaya, kazi yote ya mwaka itaenda kwa kina mama wa upande ule mwingine wa mlima. Bila ubaya, mama Lynn.

Vitatu vitatu kila mama, tunamaliza. Ndivyo tumefanya siku zote. Mimi sitaki ya siku zote. Nataka Mutindi aone masomo ya mtoto wangu yakifanya kazi mbele ya macho yake.

Lynn anasomea namna ya kuendesha viwanda. Pasaka nilimwomba aniandikie anachofundishwa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, maana mimi niliishia darasa la nne. Akanijazia karatasi. Leo nimekoroga uji wa unga mzito, nimeibandika ukutani kwenye banda letu. Imeshika, hata kucha haiingii. Inasema:

STOO KUBWA NI HASARA.
MALI IFIKE SIKU YA KUTUMIKA.
GAWA KAZI, KILA MTU AFANYE KITU KIMOJA.

Mambo matatu tu. Huyo mtoto ana kichwa.

Jumanne, 5 Mei

Nimeanza na stoo. Tulikuwa na sanduku la bati limejaa nyuzi za katani, zimesokotwa, zimechovywa rangi, nyekundu tele. Miezi mitatu ya kusokota kwenye mapaja. Hasara tupu, karatasi imesema. Nimemuuzia Katuku wa dukani zote, na kwa hizo pesa nimenunua kwake saa ya ukutani, kubwa, ina picha ya jogoo. Kiwanda bila saa ni kijiwe.

Betri zinauzwa kando. Katuku hakunitajia mpaka nimefika nyumbani. Mwizi.

Mutindi ameuliza sasa tutasuka na nini, na nywele? Nimemwonyesha ukuta. Nimeshamwambia Mwandawiro, anayekata katani, alete mzigo Alhamisi kwa pikipiki. Siku ya kutumika. Kwa sasa kila mama ana nyuzi nyeupe kidogo kwenye mfuko wake, zinatosha vitako vya vikapu.

Fanuel, mume wangu, ameuliza kama nimeongea na Lynn kwanza. Nimemwambia mtoto ana mitihani, asisumbuliwe. Kwani karatasi ni bubu?

Jumatano, 6 Mei

Nimegawa kazi. Evelyn na wenzake wanne, vitako peke yake. Loise na wawili, matumbo. Wawili waliobaki, midomo. Mimi nasimamia.

Mutindi amekataa. Eti kikapu ni mkono mmoja, aliyekianza ndiye akimalize, na kwamba jambo hilo kwao Ukambani na kwetu Udawida ni moja. Nimemwambia hayo ni ya nyanya zetu. Akasema nyanya zetu vikapu vyao vilishika maji. Wamecheka. Nimeandika majina ya waliocheka.

Amebeba kigoda chake akahamia pembeni, anasuka peke yake kama mjane.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua. Tangu juzi usiku. Jana Mwandawiro hakufika, leo amepiga simu kutoka ng'ambo ya korongo. Anasema, mama, mimi niko hapa tu naangalia maji. Nimemuuliza maji yanamwambia nini. Akakata simu.

Hakuna uzi mwekundu, kwa hivyo hakuna tumbo. Hakuna tumbo, kwa hivyo hakuna mdomo. Wale wa midomo wamekunywa chai yangu siku tatu na hawajagusa kikapu.

Lakini vitako! Vitako viko arobaini na kimoja. Tumeombwa thelathini na sita. Evelyn aliniuliza kama aendelee. Nikasoma ukuta. Haukusema mtu aache. Nikamwambia endelea.

Vimejaa benchi lote. Sina pa kukaa na mimi ni mwenyekiti.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani nimeombea pikipiki ya Mwandawiro. Mutindi naye amesimama akaomba kwa sauti kwamba viongozi wetu wafunguliwe macho. Watu wote wakasema amina. Fanuel pia. Yake nimeisikia kabisa, ilitoka chini, ilitoka moyoni.

Leo atakula baridi.

Jumatatu, 11 Mei

Katani imefika. Imelowa kama kitambaa cha kudeki. Ikauke kwanza, isokotwe, ichovywe rangi, ikauke tena. Nimehesabu kwa vidole siku zilizobaki, mkono mmoja umetosha.

Nimekimbia kwa Katuku ninunue nyuzi zetu nyekundu. Ziliuzwa. Lini? Jumanne ile ile, hata jasho langu halijakauka pale dukani. Kwa nani? Akaanza kupanga sabuni.

Kwa Mutindi.

Nimetembea mpaka kwake nikiwa nimepanga maneno, mengine ya Kidawida kabisa ili yaume. Nimemkuta anapukuchua kunde. Akanipa kiti. Akanipa chai, na chai yenyewe nzuri, maziwa yamekolea, hapo ndipo hasira ilipozidi. Akaingia ndani, akavuta gunia chini ya kitanda, akanipimia nusu ya uzi mwekundu. Nikauliza nimpe nini. Akasema, mwenyekiti, nyuzi ni za kikundi, mimi nimezikinga tu na mvua.

Angenitukana ningelala vizuri.

Alhamisi, 14 Mei

Wa matumbo wamefunga matumbo kwenye vitako. Afadhali nisingeona.

Mkono wa Evelyn unakaza kama ngozi ya ngoma. Mkono wa Loise umelegea kama yeye mwenyewe. Halafu Loise ni wa kushoto! Miaka sita tunasuka pamoja, sijawahi kugundua, kwa sababu alikuwa anaanza chake anamaliza chake. Kitako kinazunguka huku, tumbo linazunguka kule. Pale vinapokutana panafura kama jipu. Vimekamilika kumi na kimoja na vyote vinaegemea. Kimoja ni kama kofia iliyokaliwa na mbuzi.

Na wanawake wananitoroka. Kila siku ikifika saa nane, mmoja kichwa, mwingine matanga, mwingine mtoto anaharisha. Wote kumi wanashika njia ya kwa Mutindi. Ninajua kinachopikwa. Wananipindua.

Lynn amepiga simu kuuliza vikapu vinaendaje. Nimesema vizuri sana, maandishi yako nayafuata. Akauliza, yote mama? Nikasema yote, mwanangu. Sauti yake imechoka. Nikamuuliza amekula nini. Chai na mkate. Nimekata simu nikalia, kisha nikaenda kumgombeza Loise.

Jumamosi, 16 Mei

Immaculate amekuja na gari na viatu vyeupe. Nikampangia vile kumi na kimoja mezani. Akachukua kimoja akakisimamisha. Kikaanguka. Akachukua kingine. Kikaanguka na kuangusha jirani yake. Akanitazama. Nilikuwa nimeanza kumweleza kwamba meza yetu iko kwenye mteremko.

Ndipo wakateremka, Mutindi mbele, wale kumi nyuma, kila mmoja na mzigo kichwani. Vikapu. Vitatu vitatu vya kila mama, na vya Mutindi sita. Thelathini na sita. Walikuwa wanasuka kwake kila alasiri, kila mtu chake kutoka kitako hadi mdomo, kwa ile nusu ya uzi iliyobaki chini ya kitanda. Vimesimama juu ya meza yangu ya mteremko kama askari.

Immaculate amefurahi mpaka amenikumbatia. Mimi! Akasema kikundi hiki kina mpango, na kazi ni yetu mpaka Desemba. Nikamsubiri Mutindi afungue mdomo wake. Watu wote walimsubiri.

Akasema mwenyekiti ametusimamia vizuri.

Mbele ya watu. Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo maisha yangu yote.

Jumapili, 17 Mei

Lynn amekuja na gari la mboga. Amekonda. Nimemchinjia kuku kabla hajaketi.

Ameingia bandani, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akaniuliza upande wa nyuma uko wapi. Nikamuuliza nyuma ya nini. Akaweka mkono kichwani kama marehemu mama yangu alivyokuwa akifanya nikiharibu kitu.

Tumeloweka na maji moto, tukabandua polepole. Nyuma kumeandikwa:

LAKINI usiuze akiba kabla hujajua anayekuletea mali anafika kwa wakati.
LAKINI usigawe kazi ya mkono kabla hujaijua mikono ya watu.
LAKINI anayetangulia asitengeneze kuliko anavyohitaji anayemfuata.
Mama, ukikwama nipigie. Hunisumbui.

Nimekasirika sana. Ni mwalimu gani anamfundisha mtoto kuficha lakini nyuma ya karatasi? Neno lakini huwekwa mbele, mtu alione akiingia. Ule mstari wa mwisho nimeusoma mara nne. Moshi wa jikoni leo ni mkali.

Jioni Lynn ameenda kumshukuru Mutindi. Nilikuwa nyuma ya ua, naokota kuni. Mutindi amemwambia asome amalize, na kwamba wale mbuzi hawakupotea. Halafu akamwomba amwandikie karatasi na yeye.

Yangu haimtoshi?

Jumatatu, 18 Mei

Lynn amerudi chuoni. Ameniachia karatasi mpya, ameandika pande zote mbili tena. Ameniapisha nisiibandike.

Gari lilipokata kona nimekoroga uji. Sasa mimi si mjinga. Safari hii nimebandika upande wa nyuma ndio utazame watu, wenye lakini zote. Ule wa mbele sikuusoma. Mambo ya mbele nayajua.

Mstari wa kwanza unasema tuwe na akiba ya siku ya mvua. Umesema kweli. Nimempigia Mwandawiro alete katani, lori zima. Ameuliza itakaa wapi. Nimemwambia kwa Mutindi, ana nafasi chini ya kitanda. Ameuliza kama Mutindi anajua. Nimemwambia ataona likifika.

Ameuliza alete saa ngapi. Nimetazama saa yangu ya jogoo. Betri bado. Nimemwambia saa tatu na robo.