Pai ya Marehemu Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Jumamosi Mama anatimiza miaka sabini. Miezi mitano hajanisemesha! Kisa: sikwenda kumzika shangazi, yule aliyenilea. Nilituma salamu kwamba nina homa. Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akapita kwa kinyozi akanikuta nanyolewa, nacheka. Nani alimtuma apite njia ile?

Naogopa maiti, basi. Ila dawa nimeipata. Nitaoka pai ya nanasi, ileile ya shangazi, niseme alinifundisha siku zake za mwisho. Mama atalia. Mama akilia husamehe.

Jumatano, 6 Machi
Aibu tupu! Unga umegoma, siagi imegeuka mchuzi, nanasi limenikata kidole. Nikayabwaga yote kwenye trei, nikatoka kwenda kununua pai ya dukani. Mwokaji akasema oda zimejaa, tena akaniuliza kama najua nina unga sikioni.

Nimerudi saa sita mchana. Mlango niliufunga mwenyewe, ufunguo mfukoni. Jikoni kunanukia nanasi na mdalasini. Mdalasini sina! Pai iko mezani, imeiva vizuri. Ukingo mzima umebonyezwa kwa kidole gumba, na kila alama ina mstari katikati. Shangazi alikuwa na kovu la kisu gumbani, palepale.

 Nimekaa sakafuni kidogo. Kisha nikajiambia, anayekuja kusaidia hafukuzwi.

Alhamisi, 7 Machi
Pai bado ya moto. Tangu jana mchana! Nikasema kwa mzaha, shikamoo shangazi. Ndani ya oveni iliyozimwa, bati likagongwa mara moja.

Nimeshinda kibarazani. Jirani akauliza nani kanifungia nje. Nikamwambia joto.

Jumamosi, 9 Machi
Dada kaja na keki ya ghorofa tatu, kaishikilia kama kombe. Nikaiweka pai yangu mbele yake makusudi.  Mama akapitisha kidole kwenye ukingo, alama moja baada ya nyingine, mpaka akamaliza duara.

Nikatoa hotuba. Nikasema shangazi alinifundisha akiwa kitandani, nimemshika mkono, mpaka pumzi ya mwisho. Dada akataka kuropoka, Mama akamzuia kwa jicho.

Pai ikakatwa. Kila mtu akapata nanasi. Shemeji alilamba sahani. Mimi nikatia uma mdomoni nikasikia mchanga kwenye meno. Chini ya ganda la kipande changu palikuwa na udongo! Mwekundu, mbichi, konzi moja kamili.

Mama akaitazama sahani yangu. Hakushtuka hata chembe. Akanisemesha, baada ya miezi mitano! Akasema siku ya mazishi kila mmoja wa familia alitupia konzi yake kaburini, isipokuwa mimi, na hii ndiyo yangu. Niipeleke kwa mkono wangu, halafu Jumatatu nije kwake tule chakula cha mchana kama zamani.  Akaongeza kwamba nikimdanganya tena, nisikanyage mlangoni pake maisha.

Nililia kweli, mbele ya dada. Nimemkumbuka mama yangu kuliko nilivyodhani. Nikaapa.

Jumatatu, 11 Machi
Jua la kupasua kichwa, na makaburi yako mbali. Nani ataujua udongo kwa sura? Nimeumwaga kwenye chungu cha maua cha jirani, nikanawa mikono, nikampigia Mama kwamba ndiyo kwanza nimetoka kaburini. Alifurahi mpaka nikaona haya. Alisema wali upo jikoni, kiti changu amekifuta vumbi, na amewaita shangazi wadogo wote waje waone mwanawe amerudi.

Nilipokata simu, oveni ikafunguka yenyewe. Taratibu, kama mtu anayechungulia. Ndani kuna pai nyingine! Kubwa mara mbili ya ile, alama za gumba zimezama kwa nguvu zaidi, nyingine zimetoboka. Nimerudi nyuma hadi mlangoni, sikatai. Lakini shangazi ni shangazi, kaona nisiende mikono mitupu mbele ya ukoo wote. Nitaikata mwenyewe, nimpe Mama kipande cha kwanza.

Nimeifunga kwenye kitambaa, natoka sasa hivi. Nzito hiyo, naibeba kwa mikono miwili. Safari hii nanasi kalijaza hasa!